Usiku Mmoja Kinosaki

Mlango wa chumba changu ulifunguliwa kwa hatua tatu. Kwanza vidole viliingia kwenye kishikio, mlango ukasogea upana wa kiganja. Kisha mkono ukashuka karibu na sakafu, ukausukuma hadi katikati. Kisha mkono wa pili ukaumalizia. Ulikuwa mlango wa mbao na karatasi nzito, na haukutoa sauti hata kidogo. Nje yake, kwenye korido, alikuwa amepiga magoti mwanamke wa umri wa mama yangu au zaidi, amevaa kimono cha rangi ya majivu, trei ya chai iko pembeni. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia mkeka, akaingia, akageuka, akaufunga mlango kwa hatua zile zile tatu.

Nayaeleza haya kwa undani kwa sababu kuyaona ndiyo kazi yangu. Miaka sita nilitandika vitanda kwenye hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, na mitatu mingine nimekuwa msimamizi wa wahudumu wa vyumba. Nikiingia chumba chochote, hata cha ndugu yangu, jicho linakwenda kwenye pembe za shuka kabla sijakaa. Lakini siku ile sikutazama shuka. Nilikuwa nimeshashuka chini na mimi, magoti kwenye mkeka, na neno lilikuwa limeshanitoka: "Shikamoo."

Kwetu Tanga mtu mzima hapigi magoti mbele ya mtoto. Wazee wanasema neno shikamoo linatokana na "nashika miguu yako", na ni mdogo anayeishika ya mkubwa. Yule mama hakulijua neno lakini aliuelewa mwili wangu. Alicheka, kiganja kimefunika mdomo, akanisogezea mto wa kukalia, akanimiminia chai ya kijani tukiwa tumeketi wote chini, macho yake yako sawa na yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa anachofanya. Katika chumba ambacho mgeni anakaa sakafuni, anayeingia amesimama anamsimamia mgeni kichwani. Anayepiga magoti anakuja kwenye usawa wake.

Nilikuwa Kobe, mji wa Japani, kwa mafunzo ya kazi ya miezi miwili. Wenzangu waliweka akiba ya posho wakanunua simu na kamera. Mimi niliweka yangu kwa ajili ya usiku mmoja katika ryokan, nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, na si ryokan yoyote bali ya daraja la juu. Nilitaka kujua watu ambao wamekuwa wakipokea wageni kizazi baada ya kizazi wanaifanyaje kazi hii. Japani kuna nyumba ya aina hiyo, Keiunkan ya mkoa wa Yamanashi, iliyoanza mwaka 705 na inayotambuliwa kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Niliyolala mimi ni changa mno ukilinganisha na hiyo, lakini ilianza kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Nilichagua Kinosaki, mji mdogo wa chemchemi za maji moto ulio kaskazini mwa mkoa wa Hyogo, jirani na Bahari ya Japani. Kutoka Kobe unapanda treni iitwayo Hamakaze, safari ya kama saa mbili na nusu. Ikifika Himeji inageuza mwelekeo, na abiria wote wanasimama kimya kimya, wanazungusha viti vyao kuelekea mbele mpya, wanakaa tena. Baada ya hapo ni milima, mashamba ya mpunga yaliyolala kwa baridi, halafu theluji. Ilikuwa Januari.

Kuhusu bei, niseme wazi kwa sababu najua mtaniuliza. Nililipa yeni 58,000, zaidi kidogo ya shilingi milioni moja za Tanzania wakati ule, kwa mtu mmoja, usiku mmoja, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Ryokan nyingi hutoza kwa kichwa, si kwa chumba, na milo miwili imo humo humo. Ni pesa nyingi. Kwangu sababu ya kwanza ya kuzitoa ilikuwa stara. Kinosaki inajulikana kwa mabafu saba ya umma, na ndani yake watu huoga uchi, wanawake kwao na wanaume kwao. Si aibu wala utovu wa adabu kwao, ni jambo la kila siku tangu utotoni. Lakini mimi sivui nguo mbele ya watu, hata wanawake wenzangu. Chumba chenye bafu lake la maji ya chemchemi ndicho kilichonifaa, na vyumba hivyo viko kwenye nyumba za bei hiyo.

Wiki tatu kabla niliwaandikia kwa msaada wa programu ya kutafsiri. Nikaeleza kwamba sili nguruwe, situmii pombe hata ya kupikia, na nyama isiyochinjwa kwa sheria yetu siili, ila samaki na vya baharini nakula. Nilitegemea jibu la mstari mmoja. Likaja refu. Waliorodhesha kila chakula cha jioni ile na kilichomo: hiki kina sake, pombe ya mchele, tutakitoa, hiki kina mirin, nayo ni pombe, tutaweka kitu kingine, mchuzi wa soya unapochachuka hupata kilevi kidogo, je, uutumie au tutumie chumvi? Mwisho wakauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na hoteli yoyote, hata ya kwetu: je, nipikiwe kwenye vyungu visivyowahi kutiwa pombe?

Nililisoma swali lile mara mbili, nimesimama kwenye kituo cha basi.

Sasa chumba. Viatu unavivua mlangoni pa nyumba, na hutavikuta ulipoviacha. Vitakuwa vimeshahifadhiwa, na utakapotoka vitakusubiri vimegeuzwa kuelekea nje. Chumba changu kilikuwa cha mikeka kumi. Ndivyo wanavyopima, kwa idadi ya tatami, kila mmoja karibu sentimita 180 kwa 90. Hakuna kitanda wala kabati linaloonekana. Meza moja fupi, mito ya kukalia, na kwenye ukuta mmoja kijishubaka kipana kilichoinuliwa kidogo, chenye picha ndefu ya maandishi na chombo cha ua moja tu. Hicho hakikanyagwi wala hakiwekewi sanduku.

Tatami ilinishika kuliko vyote. Juu imefumwa kwa nyasi iitwayo igusa, na nyingi ya inayolimwa Japani inatoka mkoa wa Kumamoto. Ikiwa mpya inanukia shamba baada ya mvua. Nililala kifudifudi, shavu kwenye mkeka, nikafuata mfumo wake kwa kidole kama nilivyokuwa nikifuata ukili wa bibi akishona mikeka ya ukindu barazani. Ukili wa bibi ni mpana na unaonekana. Huu ni mwembamba sana, uzi kwa uzi, na kingo zimeshonewa kitambaa ambacho mtu mwenye adabu hakikanyagi. Nilijua hapo hapo kwamba nitasali vizuri katika nyumba hii. Kwenye mkeka msafi mtu hana shaka na anapoweka paji lake.

Yule mama, ambaye kwa cheo cha nyumba hizi anaitwa nakai, ndiye aliyenivisha yukata, vazi la pamba la kushindia. Alinionyesha kwa mkono, akarudia ili nisikosee: upande wa kushoto unakuja juu ya wa kulia. Nilipogeuza kinyume alinishika mkono upesi, uso umebadilika. Kulia juu ya kushoto ndivyo anavyovishwa maiti. Nilimwonyesha kwamba nimeelewa. Kwetu nako sanda ina utaratibu wake, na hakuna mtu anayeucheza.

Sasa niseme jambo lililonikaa moyoni kwa miaka. Hoteli yangu ya kwanza tulifundishwa kwamba mhudumu bora wa vyumba ni yule asiyeonekana. Ukisikia mgeni anakuja, jifiche kwenye chumba cha mashuka. Ukikutana naye kwenye ngazi, simama ukutani, angalia chini. Mgeni arudi akute kitanda kimetandikwa kama kwamba kimejitandika. Nimewahi kuzuiwa na mkuu wangu kujibu salamu ya mgeni mzee aliyenisalimia kwa Kiswahili alichokuwa ameanza kujifunza. Kazi ile ile, shuka zile zile, lakini tulifanywa tuione kama kitu cha kuficha.

Nakai hajifichi. Ndiye uso wa nyumba kwa mgeni wake tangu anapofika hadi anapoondoka. Analeta chai, analeta chakula, anatandika, anaamsha, anasindikiza, na unalijua jina lake. Juu yake yuko okami, mama mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ameirithi nafasi hiyo kutoka kwa mama yake au mama mkwe wake. Okami alikuja kunisalimia jioni, dakika tatu hazikutimia, naye alipiga magoti. Kwa hiyo mwenye mali na mfanyakazi wanaingia kwa mlango ule ule na kwa hatua zile zile tatu. Nilivyomwangalia yule nakai, sikuona unyonge. Niliona fundi. Mgongo umenyooka, kila kidole kinajua kinakokwenda, na trei yenye bakuli sita haitikisiki anaponyanyuka kutoka magotini bila kushika chochote. Jaribu nyumbani uone.

Januari jua huzama mapema kule. Saa kumi na moja na dakika chache Magharibi imeingia. Nilitandika msala wangu kwenye pembe ya dirisha, nikaelekea kibla, ambayo ukiwa Japani iko magharibi na kupanda kidogo kaskazini. Nikaswali. Nikakunja msala, nikaurudisha kwenye begi. Yule mama alikuja dakika chache baadaye kuandaa meza, akanikuta nikifuta miguu.

Kaa ndiye mfalme wa msimu ule. Wanamwita matsuba-gani, dume la kaa wa theluji, na kuvuliwa kwake kunafunguliwa tarehe 6 Novemba hadi mwezi Machi. Wa kwangu alitoka bandari ya Tsuiyama, kwenye mlango wa mto, karibu kabisa na mji, akiwa na kibandiko cha buluu mguuni kinachotaja asili yake. Alikuja kwanza mbichi: mguu umemenywa, umezamishwa kwenye maji ya barafu, nyama imechanua nyuzi nyuzi kama ua. Ni tamu, tamu ya sukari kabisa, na inayeyuka. Kisha akaja wa kuchoma juu ya makaa, nakai anamgeuza kwa vijiti vya chuma, anasikiliza gamba linavyolia kabla ya kumtoa. Kisha wa chungu, na kabichi, uyoga na tofu. Vikombe na visahani vidogo vidogo vilipita katikati ambavyo sitavitaja vyote. Kimoja kilikuwa cha mwani, nikawakumbuka akina mama wa Paje na Jambiani wanaoinama majini kuulima. Nyama ya ng'ombe wa Tajima, ukoo uleule unaotoa nyama maarufu ya Kobe, haikuja, kama nilivyoomba. Mwisho, mchuzi uliobaki chunguni ulitiwa wali na yai, ukageuka uji mzito wanaouita zosui. Niliula polepole kuliko vyote. Baada ya vyakula kumi vya ustadi wanakumalizia kwa chakula anachopewa mgonjwa na mtoto, na mwili wote unatulia.

Baada ya kula nilitoka. Kinosaki usiku watu wote wako barabarani, theluji inaanguka, na karibu kila mmoja amevaa yukata, koti la pamba juu yake, na viatu vya mbao vinavyogonga mawe: ko, ko, ko. Mto Otani unapita katikati umefungwa kwa kuta za mawe, madaraja madogo ya upinde yako juu yake, na mierebi imeinamia maji. Kila nyumba ina yukata zake, hivyo wenye maduka wakikutazama nguo wanajua unalala wapi.

Watu wa pale wanasema mji mzima ni ryokan moja: stesheni ni mlango, barabara ni korido, nyumba za wageni ni vyumba, na yale mabafu saba ya umma ndiyo bafu la nyumba. Huu si usemi wa matangazo tu. Mji uliteketea baada ya tetemeko la ardhi la Mei 1925 ukajengwa upya kwa mbao. Mwaka 1927 nyumba moja ikataka kuwa na bafu lake la ndani la maji ya chemchemi, na wenzake wakakataa: wageni wakioga ndani, nani atatoka barabarani? Nani atanunua kwa muuza peremende, muuza viatu, mwenye mgahawa? Mgogoro ulikwenda hadi mahakamani na ukachukua zaidi ya miaka 20, mpaka suluhu ya 1950. Mabafu ya ndani yakaruhusiwa, lakini yawe madogo, ili mabafu ya mji yabaki kuwa makubwa. Hadi leo mgeni anayelala mjini anaingia mabafu ya mji bila kulipia zaidi.

Nilisimama darajani nikiyafikiria haya kwa uchungu, kwa sababu natoka mahali ambapo hoteli inajengewa ukuta, mgeni anafungwa utepe mkononi, anakula na kunywa humo humo siku saba, na mwanakijiji mwenye kanga na viungo anasimama juani upande wa pili wa ukuta. Nimefanya kazi ndani ya ukuta huo. Shangazi yangu ameuza nje yake. Kinosaki waligombana zaidi ya miaka 20 kwa ajili ya muuza peremende, na nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa kaa wao.

Kuoga bafu za umma sikuweza, lakini mbele ya Yanagi-yu, mojawapo ya mabafu hayo, kuna kibwawa cha kutia miguu tu, wazi kwa wote. Nilivuta yukata kidogo, nikatia miguu. Mzee mmoja na mkewe walinisogezea nafasi. Tulikaa hivyo, watu wanne watano tusiojuana, miguu kwenye maji ya moto, theluji inatua mabegani, hakuna anayesema kitu. Nikakumbuka nilivyopelekwa mdogo kwenye chemchemi za Galanos, karibu na Amboni, ngozi yangu ilipokuwa na vipele. Maji yale yananuka kiberiti kwa mbali. Ya Kinosaki hayanuki. Ukilamba mdomo una chumvi kidogo, kama bahari iliyochanganywa na mvua.

Niliporudi chumba kilikuwa kimegeuka. Meza imesogezwa, godoro la sakafuni limetandikwa. Kwa kawaida linawekwa katikati ya chumba. Langu lilikuwa limesogezwa upande wa ndani, na pembe ya dirisha imeachwa tupu, upana wa mtu kusimama na kusujudu. Taulo dogo la mkono, kavu, limekunjwa mara tatu, limewekwa ukingoni.

Sikumwambia mtu kwamba nasali. Msala ulikuwa begini alipoingia. Alichokiona ni miguu yangu yenye maji na mkeka uliobonyea kidogo penye magoti na paji. Nimesimamia wahudumu 22 na nimewafundisha kuangalia vumbi juu ya fremu, nywele kwenye sinki, pete iliyosahaulika. Kuangalia mkeka ukamjua mtu, hilo sijawahi kumfundisha yeyote, kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua.

Nikaswali Isha pale aliponiachia. Kisha nikaingia kwenye bafu langu, pipa la mbao ya hinoki lililowekwa kwenye kibaraza kilichofungwa pande tatu. Kwanza unaketi kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza kwa kata mpaka uwe safi kabisa, ndipo unaingia majini. Maji ni ya kuloweka, siyo ya kutoa uchafu. Nilipoketi yalifurika ukingoni yakamwagika kwa sauti ndefu, na mvuke ukapanda kukutana na theluji. Nilikaa hadi ncha za vidole zikakunjamana. Kwa miaka tisa nimesugua mabafu ya watu.

Alfajiri, baada ya kusali, mikono ilianza kazi yenyewe. Nilitoa foronya, nikang'oa shuka, nikaanza kulikunja. Mlango ukafunguka kwa hatua tatu. Yule mama aliniona nimeshika shuka akasema upesi maneno ambayo yalikuwa dhahiri: acha, acha. Kisha akanyamaza. Aliangalia vidole vyangu, jinsi nilivyobana pembe kati ya kidole gumba na cha kati ili shuka lisiguse sakafu. Akatoa simu, akaongea, akanigeuzia kioo. Kiingereza chake kilisema: unafanya kazi hii?

Nikaitikia kwa kichwa.

Alikuja akashika pembe mbili za upande wa pili. Tukavuta shuka likanyooka katikati yetu, likapiga sauti. Tukakutanisha pembe, akashika yeye, mimi nikainama kuchukua ukunjo, tukavuta tena. Tulikunja shuka mbili na kifuniko cha blanketi bila kusema neno, na hakuna aliyemkosea mwenzake mwendo.

Saa nne walinisindikiza nje, yeye na okami, kwenye baridi. Waliinama, kisha wakapunga mikono, na nilipogeuka kwenye pembe ya barabara walikuwa bado wamesimama.

Jioni nikiwa Kobe, kwao Tanga mchana, nilimpigia mama. Mama alifua na kutandika kwenye gesti moja ya Ngamiani kwa miaka 19; ada yangu ya shule ilitoka huko. Nilimweleza kaa, theluji, mji wenye mabafu saba, yule mama wa kimono. Alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Na shuka, zilipigwa pasi pande zote mbili?"

"Zote mbili, mama."

"Na foronya, mdomo uliangalia wapi?"

"Mbali na mlango."

"Haya," akasema. "Hao wanajua."